Binti Aliyeomba Uji

Somo kwa wazazi, wainjilisti na walimu wa shule ya Jumapili. Someni kwanza Kumbukumbu la Torati 6:4-9, kisha Mathayo 21:14-16.



Si siku nyingi zilizopita mwinjilisti mmoja, mtu mwenye bidii nyingi, aliniuliza, "Baba Mchungaji, mtoto aanze kufundishwa Katekisimo akiwa na umri gani?" Nami nikamjibu upesi, kama watu wajibuvyo wakidhani ya kuwa wanajua. Nikasema kwamba mafundisho ya kipaimara yana umri wake, na kabla ya hayo iko shule ya Jumapili, na kabla ya shule ya Jumapili mtoto ni wa mama yake. Akayaandika maneno yangu katika daftari lake. Tangu siku ile daftari lile lanisumbua, maana nilimjibu vibaya, na shahidi wa kosa langu alikuwa amelala nyumbani mwangu juu ya mkeka, umri wake miaka minne na miezi kadhaa. Basi naandika somo hili ili mwinjilisti yule alifute jibu langu, na kama wako wengine waliolinakili, nao walifute.

Jina la binti yangu silitaji. Yeye hajui kusoma bado, na siku atakapojua nisingependa akute ya kuwa baba yake alimtangaza gazetini bila kumwuliza.

Tuanze na Musa. Yeye awaagiza wazazi wa Israeli wazungumze na watoto wao habari za maneno ya Mungu katika nyakati nne: wakati wa kukaa nyumbani, wakati wa kutembea njiani, wakati wa kwenda kulala, na wakati wa kuamka. Angalieni sana, ndugu, katika nyakati hizo nne hakuna hata mmoja ulio wa darasani, wala ulio wa ibada kanisani. Ni nyakati za mkeka, na za jikoni, na za njia ya kisimani. Na katika nyumba zetu ni nani aliyepo nyakati hizo zote, asiyeondoka kwenda shambani wala kazini wala shuleni? Ni mtoto mdogo. Sera ya Elimu ya mwaka 2014 ilitaka mtoto aliye kati ya miaka 3 na 5 apate elimu ya awali kwa muda usiopungua mwaka mmoja, nalo ni jambo jema, nalisifu. Lakini Musa amekwisha kuanza kazi kabla mlango wa darasa haujafunguliwa.

Sasa niwaeleze habari za mtoto mwenyewe, maana kwake ndiko nilikojifunza.

Alikawia kutembea. Mwezi wa 14 ulipopita naye angali akitambaa, majirani walianza kunong'ona, na mmoja akataka kutuelekeza kwa mganga. Namshukuru muuguzi wa kliniki aliyetutuliza moyo. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2006 matokeo ya uchunguzi wa watoto wa nchi mbalimbali, ikaonekana kwamba katika watoto wenye afya wako waanzao kutembea peke yao karibu na mwezi wa 9, na wako wangojao hata mwezi wa 17. Basi mwinjilisti akisikia mama akisemwa kwa sababu mtoto wake amekawia, amtulize, ampeleke kliniki, wala asiache maneno ya uchawi yaote mizizi. (Na hapo kliniki mkumbushe chanjo ya surua ya miezi 18, maana wengi huipata ile ya miezi 9 kisha hawarudi.) Binti yangu alitembea katika mwezi wa 16, siku ya Jumatatu, ambayo ndiyo siku yangu ya kupumzika. Nami sikumwona. Nilikuwa nimekwenda kusuluhisha ugomvi wa waimbaji wa kwaya. Hatua zake za kwanza zilionwa na bibi yake pamoja na mbuzi.

Bibi yake huyo ni mama yangu mzazi, naye asema Kisukuma zaidi ya Kiswahili. Basi mtoto akapata ndimi mbili kwa pamoja. Neno lake la kwanza la kusalimia lilikuwa "mwangaluka", ambalo ni salamu ya asubuhi, naye akalitumia saa zote. Ninyi mnaoijua Isaka mwajua ya kuwa reli itokayo Tabora kwenda Mwanza, ambayo ilifika Mwanza mwaka 1928, yapita hapa kwetu, na ya kwamba hapa pana bandari kavu ambapo mizigo hushushwa katika mabehewa ikapakiwa katika malori ya kwenda Rwanda na Burundi. Tena mwaka 2021 ilianza kujengwa reli mpya kati ya Mwanza na Isaka. Kwa hiyo mtoto wa Isaka hukua katikati ya mshindo wa magurudumu. Wangu husimama mlangoni jioni, na garimoshi likipita aliamkia "mwangaluka", kisha ahesabu mabehewa: moja, mbili, tatu, hata kumi, na baada ya kumi huja kumi nyingine, na nyingine, mpaka mkia upite. Nimejaribu kumfundisha kumi na moja. Aniambia ya kuwa behewa lile halikuja leo.

Kisha ukafika wakati wa maswali. "Hiki nini? Na hiki nini?" Mke wangu alijaribu siku moja kuyahesabu maswali kwa punje za mahindi, kila swali punje moja katika bakuli. Aliacha kabla ya adhuhuri, maana mtoto alianza kuuliza punje zile ni za nini.

Hapo ndipo penye somo letu, nami naomba mnivumilie nirudi nyuma kidogo hata nchi ya Ujerumani. Mwaka 1528 Martin Luther alishiriki katika kuyakagua makanisa ya Saksonia, akaona kwa huzuni jinsi Wakristo walivyokuwa hawajui hata mambo ya kwanza ya imani, na wachungaji wengi wasioweza kufundisha. Mwaka uliofuata, 1529, akatoa Katekisimo Ndogo. Sisi twaishika kama kitabu cha darasa la kipaimara. Lakini yeye aliandika juu ya kila sehemu ya kwanza ya kitabu kile kwamba ni mambo ambayo mwenye nyumba awafundishe watu wa nyumbani mwake kwa urahisi. Ni mwenye nyumba aliyetajwa hapo. Na lile swali ambalo hurudi baada ya kila amri na kila ombi, ambalo sisi twalisoma "Maana yake nini?", katika Kijerumani chake lasomeka tu hivi, "Hiki ni nini?" Ndilo swali la mtoto mlangoni.

Tena fikirini nyumba ya Luther ilikuwaje mwaka ule. Mwanawe wa kwanza, Hans, aliyezaliwa Juni 1526, alikuwa hajatimiza miaka mitatu. Binti yake Elisabeth alikuwa amezikwa Agosti 1528, hata mwaka mmoja hajaumaliza. Binti mwingine, Magdalena, alizaliwa Mei 1529. Kitabu kile kiliandikwa katika nyumba yenye mtoto aulizaye, na kaburi dogo lililokuwa bichi. Na mwaka 1530, Luther alipokuwa mbali katika ngome ya Coburg, alimwandikia Hans barua, naye mtoto alikuwa na miaka minne tu. Hakumwandikia maneno ya chuo kikuu. Alimwandikia habari za bustani nzuri, na watoto waokotao matunda chini ya miti, na farasi wadogo wa kupanda. Daktari wa Maandiko alimfuata mwanawe mpaka pale alipokuwa, kwenye matunda na farasi.

Mimi sikufanya hivyo.

Bibi yake alimfundisha binti yangu Sala ya Bwana usiku baada ya usiku, ombi moja moja, kabla ya kulala. Mama yangu hajui kusoma. Aijua sala ile kwa moyo tangu alipobatizwa, naye alimfundisha mjukuu wake kama alivyofundishwa. Mimi nilijua ya kuwa jambo hilo laendelea, wala sikuuliza.

Jioni moja wazee wa usharika walikuwa kwangu, twazungumza habari za mabati ya kanisa. Mtoto akatoka ndani amekwisha kuoga, akapiga magoti mbele ya wageni kama alivyofundishwa, akaanza kusali kwa sauti kubwa ili tumsikie. Alikwenda vizuri sana. Alipofika ombi la nne, mahali tunapoomba mkate, yeye akaomba uji. Na baada ya uji akaongeza, "na sukari."

Nikacheka. Wazee walipoona mchungaji amecheka, wakacheka nao, mmoja akapiga paja lake. Mtoto akafumbua macho, akanitazama mimi, si wao. Ombi la tano hakulifikia. Akainuka, akaingia ndani.

Asubuhi mama yangu akaniambia, "Mwanangu, umemfunga mtoto kinywa. Nani atamfungua?" Nami nikasema ni jambo la kitoto, litapita. Lakini halikupita. Usiku ule hakusali, wala usiku wa pili. Bibi yake akianza, yeye hukaa kimya, midomo imefungwa, mpaka amina. Juma moja likapita, na la pili, na la tatu. Mchana alicheza na kuuliza maswali yake kama kawaida, ila hakuniuliza mimi.

Mathayo atuambia ya kwamba Bwana Yesu alipokuwa hekaluni baada ya kuwaponya vipofu na viwete, watoto walipaza sauti wakimsifu mle mle ndani. Wako waliochukizwa, wakamwendea kumlalamikia. Je, walikuwa watu wa mataifa, au walevi wa sokoni? Walikuwa makuhani wakuu na waandishi, watu waliosoma, wenye kujua namna sala ifaavyo kusemwa. Ndugu zangu wachungaji na wainjilisti, nilipoisoma sura ile katika majuma yale nilijikuta nimesimama upande wao, nimevaa kola yangu. Wao angalau walikasirika, na mtu aliyekasirika ameona ya kuwa jambo ni zito. Mimi nililiona jepesi nikacheka.

Katika juma la nne likatokea jambo jingine. Ilikuwa siku ya mnada. Mke wangu na mama walikuwa wametoka, nami nikaachiwa mtoto. Simu ikalia, nikaitwa katika habari za msiba, nikawa nasema huku natembea uani kwenda na kurudi, kama ilivyo desturi yangu mbaya. Nilipomaliza, mtoto hayupo. Nikaita. Nikatazama jikoni, nyuma ya choo, kwa jirani. Nikatoka mbio hata barabarani.

Wazazi wa Isaka hawana haja ya kuelezwa nilifikiri nini. Siku za mnada watu ni wengi, na malori yenye matela husimama katika mistari mirefu, na dereva aliye juu hawezi kumwona mtoto aliye mbele ya gurudumu lake. Nilipita kati ya malori nikiinama kutazama chini ya kila moja. Sikupata maneno ya kusali. Nilisikia tu, "Mwanangu, umemfunga mtoto kinywa," nikaona hofu kwamba aliyemfungua asingekuwa mimi kamwe.

Baada ya saa moja na zaidi nikamwona akija upande wa barabara ya Kahama, ameshikwa mkono na mtu nisiyemjua. Alikuwa dereva wa kwenda Kigali. Mtoto alimkuta amekaa kivulini anywa chai, akamwamkia "mwangaluka". Yule bwana akamwuliza baba yake ni nani, akajibu, "Ni Baba." Kwao ni wapi? "Kwa Bibi." Nayo ilikuwa majibu ya kweli, ila hayakumfaa. Ndipo mtoto akasema ya kuwa kwao iko rimu ya lori juu ya mti, nayo hupigwa Jumapili. Dereva akaelewa rimu, kama mtu wa kazi yake, akauliza watu njiani ni wapi palipotundikwa rimu, wakamwelekeza. Kengele ya kanisa letu ndiyo hiyo rimu. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiiona ni aibu, nikitamani kengele ya shaba.

Mtoto alikuwa na kipande cha mkate mkononi. Dereva alimgawia nusu ya ule aliokuwa akila. Nilimshukuru kwa maneno mengi yasiyo na mpango, naye akasema wenzake wanamngoja, akaenda. Sikumwuliza jina.

(Hapa naongeza jambo la dunia hii: mtoto wa miaka mitatu aweza kujifunza kusema jina kamili la baba yake, na la mtaa wake. Wangu sasa alisema hata usingizini. Wafundisheni, hasa ninyi mkaao karibu na barabara.)

Usiku ule nilifungua Katekisimo Ndogo kwa ajili yangu mwenyewe, mahali pa ombi la nne. Nimelifundisha ombi lile kwa madarasa mengi ya kipaimara. Luther auliza mkate wa siku ni kitu gani, kisha ajibu kwa orodha ndefu: chakula na kinywaji, mavazi na viatu, nyumba na shamba, ng'ombe na fedha, mume au mke mwema, serikali njema, hali ya hewa nzuri, amani, afya, na mwishoni rafiki wema na majirani waaminifu. Nikakaa nikiitazama orodha ile. Binti yangu alikuwa amefanya lile ambalo Luther alilifanya. Aliuliza moyoni mwake mkate ni nini, na kwa kuwa nyumbani mwetu asubuhi hupikwa uji, mkate kwake ni uji, akauomba kwa jina lake. Watoto wa kipaimara huikariri orodha yote bila kosa, na wengi wao hawajaomba kitu kimoja kilichomo.

Kesho yake nikaketi juu ya kigoda ili macho yetu yalingane. Nikamwambia, "Mama, siku ile uliposali, Baba alikucheka. Baba alikosa. Naomba unisamehe."

Akaniuliza, "Ulicheka kwa nini?"

"Kwa sababu nilikuwa sijui."

"Hukujua nini?"

"Sikujua kwamba uji nao ni mkate."

Akafikiri kidogo, akasema, "Bibi anajua."

Mzee mmoja niliyemsimulia haya, naye ni mtu nimheshimuye sana, alinionya ya kuwa baba amwombaye mtoto msamaha amevunja fimbo yake mwenyewe. Sikumbishia, kwa kuwa ni mkubwa wangu. Lakini Mtume Paulo, katika Waefeso 6, akimaliza kusema na watoto, awageukia akina baba na kuwaonya wao pia, na onyo lile sikulipata kuhubiri hata mara moja katika miaka yangu yote ya uchungaji. Mahubiri juu ya utii wa watoto ninayo saba.

Sasa, ninyi wainjilisti. Huku kwetu baba wengi hawako nyumbani. Wako mashimoni, Kakola au Geita, miezi mingi, wakitafuta dhahabu, nao hurudi wakakuta mtoto asema na hawakusikia alivyoanza. Kwa hiyo msingoje baba arudi, wala msingoje mtoto akue. Timotheo alipokea imani iliyokaa kwanza ndani ya bibi yake Loisi na mama yake Eunike, ndivyo asemavyo Paulo katika barua ya pili. Mwendapo kutembelea nyumba, ulizeni ni nani alazaye watoto usiku, kwa maana huyo ndiye mwalimu wa Katekisimo wa nyumba ile, hata kama hajui a wala be. Kaeni naye. Mfundisheni ombi moja kwa juma moja, naye atamfundisha mtoto. Mtoto akibadili neno, msimsahihishe papo hapo. Mwulizeni kwa upole ana maana gani, kisha ngojeni, maana hujibu polepole. Maneno yaliyo sahihi atayapata kwa kusikia mara nyingi. Na watoto wakisali mbele ya wageni, wazee wa usharika waonywe mapema.

Yule mwinjilisti mwenye daftari nimekwisha kumwona. Nilimwambia aandike, "Tangu aulizapo hiki nini." Akaniuliza kama jibu hilo ni la dayosisi au langu. Nikamwambia ni langu.

Binti yangu hakusali usiku ule niliomwomba msamaha, wala wa pili wake. Usiku wa nne nilimsikia kupitia ukutani akimfuata bibi yake kwa sauti ndogo. Sikuingia. Baadaye akaanza tena kusali mbele yangu, nalo ombi la nne limekuwa refu: uji, na sukari, na majani ya mbuzi, na dereva apate uji kule alikokwenda. Jumamosi iliyopita alikatiza katikati, akafumbua jicho moja.

"Baba, yule dereva anaitwa nani?"

"Sijui, mama. Sikumwuliza."

"Mungu anamjua?"

"Anamjua."

Akafumba jicho, akaendelea pale alipoachia.